Nilivyopigana na Kiti Rwamishenye

Kiti kilikuwa cha mninga. Ningelijua hilo mapema, kidole gumba cha mguu wangu wa kulia kingekuwa bado kinaelekea mbele kama vya watu wengine, na ninyi vijana msingekuwa na la kunicheka kila nivuapo viatu.

Ilikuwa Jumamosi alasiri, ndani ya ukumbi wa tawi. Nilikuwa mama wa mtoto mmoja, Koku, ambaye siku hiyo nilimfunga mgongoni kwa sababu alikuwa anaota meno na hakutaka kushikwa na mtu mwingine. Darasa zima la karate lilikuwa limepiga magoti sakafuni: watoto mstari wa mbele, vijana wa sekondari nyuma yao, na nyuma kabisa wanaume wazima, madereva na makarani na muuza nyama mmoja. Mimi mwalimu nilikuwa nimepiga magoti vilevile, ila nilikuwa nimewapa mgongo. Nilikuwa namsalimu Mwenyekiti wa tawi, Ta Rwegoshora, kama mke wa mtu anavyomsalimu mzee kwetu Uhayani.

"Wasibota waitu," nikasema. Umeshindaje, mheshimiwa wetu.

Hakuitika. Alitoa mfukoni kahawa za kutafuna, akachagua moja, akaitia mdomoni, akaitafuna taratibu mpaka ikaisha ladha. Kidogo magoti yangu yaote mizizi.

"Leo nina msiba Kahororo," akasema hatimaye. "Sitakaa. Lakini kiti nimekileta, kitabaki hapa mbele. Mkianza na mkimaliza, mkipigie magoti. Haifai wanaume wazima wa hapa kumpigia magoti mwanamke aliyeolewa hapa."

"Tukipigie magoti kiti?"

"Ni kiti cha Mwenyekiti."

"Na wewe mwenyewe haupo, Ta."

"Kiti kipo."

Akaondoka. Nikainuka. Mwalimu wangu alinifundisha kwamba ukikasirika, pumua kwanza. Nikapumua. Kisha nikakipiga kiti teke la mbele, zuri kuliko mateke yote niliyopata kupiga maishani, goti juu, nyonga mbele, na sauti yake. Kiti hakikusogea hata unyayo. Koku akacheka mgongoni. Watoto wakadhani ni somo jipya, wakaunguruma kwa pamoja kama nilivyowazoeza. Mwenyekiti, aliyekuwa amefika mlangoni, akageuka.

"Safari njema, Ta," nikamwambia, kwa kuwa hilo ndilo neno pekee lililoweza kupita katikati ya meno yangu.

Sasa nawaambia ninyi mliorithi darasa. Teke la mbele hupigwa kwa ile nyama iliyo chini ya vidole, na vidole vyenyewe huvutwa nyuma. Nilikuwa nimelisema hilo kila Jumamosi mpaka watoto wakawa wananimalizia sentensi. Siku nilipolihitaji mimi, nilipiga kwa vidole, kama mtu anayefukuza kuku jikoni. Hasira ina akili ya kuku. Na kabla hujapiga kitu, jua kimetengenezwa kwa mti gani.

Mtaniuliza mwanamke wa Muleba aliingiaje kwenye karate miaka ile ya vijiji vya ujamaa na foleni za sabuni. Niliingia kwa sababu ya debe la maji. Mjini Bukoba kulikuwa na fundi cherehani mmoja, Mwalimu Hamidu, Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani. Karate alikuwa amejifunza alipokuwa akiishi Dar es Salaam. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimeolewa Rwamishenye, na kila asubuhi nilipita mbele ya duka lake nikipanda kilima na debe kichwani. Siku moja akaweka mkasi chini.

"Dada, nani kakufundisha kutembea hivyo?"

"Kutembea vipi?"

"Kiuno hakipandi wala hakishuki. Vijana wangu nawapigia kelele mwaka mzima, wanatembea kama mbuzi waliofungwa kamba."

"Hilo debe ndilo limenifundisha," nikamwambia. "Ukipanda na kushuka, unaloa."

Jumamosi hiyohiyo aliniweka mbele ya vijana wake na debe langu, nikaenda na kurudi, na tone halikumwagika. Nilivimba kichwa. Akanitua debe, akaniambia sasa nipige ngumi. Nikapiga ngumi, nikaanguka. Ndivyo nilivyoanza. Lakini mbinu ya debe niliihifadhi, na mkitaka mtoto ajifunze kuteleza chini badala ya kurukaruka, mpeni maji kichwani. Wasichana hushika haraka. Wavulana huloa wiki mbili tatu, kisha nao hushika, kwa kuwa mama zao huchoka kufua.

Mwalimu Hamidu alipohamia Tanga kumtunza baba yake, aliniachia darasa na mkanda wake mweusi. Cherehani aliondoka nayo. Ningependa afanye kinyume.

Mikanda ya rangi hatukuwa nayo, na nguo za kufanyia mazoezi zilikuwa za magunia ya unga yaliyofuliwa mpaka maandishi yakafifia. Hayakufifia yote. Nilikuwa na mwanafunzi hodari sana aliyeandikwa matakoni kwamba asitumiwe baada ya kupata unyevu. Mkanda wa kahawia tulijitengenezea wenyewe. Unachukua utepe mweupe, unaupaka utomvu wa mgomba, unauanika, unapaka tena. Hautoki, hata uufue na nini. Mgeni mmoja aliyetoka Mwanza alitusifu kwa rangi hiyo, akauliza tumeagiza wapi. Nikamwambia tumeagiza kwa mama mkwe.

Utomvu huo tuliujua nguo zetu zilipojaa madoa yake yasiyotoka, kwa kosa langu, na kosa lenyewe asingelifanya mtu asiyeishi kwenye migomba. Hatukuwa na gunia la kupiga. Nikaona shina la mgomba ni zuri: linabonyea, ni baridi, halivunji mfupa, na teke likiingia sawasawa unalisikia kwa sauti yake. Nikawaambia watoto, "Kila mmoja akafanye mazoezi nyumbani kwenye mgomba." Nikaishia hapo. Sikusema mgomba upi.

Jumatatu akaja bibi mmoja kutoka Kagondo na mkungu mchanga kichwani, ndizi zake nyembamba kama vidole vya kichanga. Akautua miguuni pangu.

"Mwalimu, nimekuletea chakula ulichoangusha."

"Mimi, Mae?"

"Mjukuu wangu anasema umemtuma wewe."

Nilikwenda kumpalilia kibanja, shamba lake la migomba, na mume wangu akanifuata kunitazama, akisema hajawahi kuona mchezo wa vita ambao mshindi hupewa jembe. Kuanzia siku hiyo nikawa nasema hivi, nanyi mseme hivi: unapiga mgomba uliokwisha kukatwa mkungu, kabla mwenyewe hajaukatakata kuwa matandazo, na unaomba ruhusa. Mgomba wenye mkungu hauguswi. Mgomba wenye mtoto pembeni, unaangalia usimkanyage mtoto. Hayo hayamo katika kitabu chochote cha karate kwa sababu walioandika hawakuwa na mama mkwe mwenye kibanja.

Nyasi nazo zina elimu yake. Sakafu ya ukumbi ilikuwa ya saruji na hatukuwa na godoro la kuangukia. Tulitandaza nyasi, kama tunavyotandaza ndani ya nyumba zetu. Kila mwanafunzi alikuja na mzigo wake kutoka kilimani. Nyasi mbichi zinateleza, kavu kabisa zinachoma, zilizo nzuri ni zilizonyauka kidogo. Na mkague viroboto kabla ya watoto kupiga magoti, msisubiri baadaye. Msimu wa senene, watu wanapokesha kuwakamata, msijisumbue kuitisha darasa. Nilijaribu mwaka mmoja, nikafundisha wanaume wawili, na mmojawao alikuwa amelala.

Watu wazima ndio wagumu, nawaonya. Mtoto ukimwambia piga kelele, anapiga mpaka unamwomba anyamaze. Kijana wa sekondari anapiga kelele iwapo kuna wasichana dirishani. Mtu mzima anaona aibu. Muuza nyama wetu, mtu wa kuangusha ng'ombe, alipiga ngumi huku akinong'ona kama anayeungama kwa padri.

Lakini nilikuwa nasema habari ya magoti.

Darasa letu lilianza na kuisha kwa magoti, mwalimu akiwaelekea wanafunzi nao wakimwelekea. Mwalimu Hamidu alipokuwa mbele hakuna aliyesema neno. Niliposhika mimi, wanaume waliendelea bila kuona ajabu, walikuwa wamezoea. Shida ilianza siku Ta Rwegoshora alipoingia kukagua ukumbi wakati tumeshapiga magoti. Mimi nimelelewa Muleba. Mama yangu alikuwa akitukata jicho moja tu, miguu inakunjika yenyewe. Mzee akiingia, napiga magoti. Sasa mzee kaingia na mimi nimeshapiga. Nifanyeje? Nikasimama, nikageuka, nikapiga tena.

Wanafunzi wakadhani ni utaratibu wa karate. Wiki iliyofuata, Mwenyekiti alipotokea mlangoni, darasa zima likasimama, likageuka, likapiga magoti. Watoto wa Kiislamu wa mjini, ambao kwao hakuna desturi hiyo, wakaenda kuwapigia magoti wajomba zao dukani. Mama mmoja alikuja kuniuliza namfundisha mtoto wake kupigana au kuomba radhi.

Mwenyekiti akaipenda mno hali hiyo. Nani asingeipenda? Akawa anakuja kila Jumamosi. Zamani alikuwa akiitikia salamu mara moja, sasa akawa anachelewa, anatazama paa, anauliza habari za mvua, sisi tupo chini. Tuliwahi kukaa hivyo mpaka Deusi, mtoto wa kaka yake, akapata ganzi na kudondoka ubavu. Nami niliendelea kukunja goti. Nilikuwa mwalimu wa mapigano ambaye darasa lake lilikuwa linaongoza wilaya kwa kupiga magoti. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira, nikaimalizia kwenye sufuria. Mume wangu Novati, karani wa kahawa, mtu mpole, alikula matoke yaliyopondwa kwa majuma mengi bila kuuliza.

Nikiwa mbele ya watu wa nyumbani Muleba ilikuwa vilevile. Waliniita shuleni niwaonyeshe vijana karate. Kwa kuogopa wazee kuniona nimevaa suruali, nilifunga kanga juu yake. Teke la kwanza kanga ikanikamata magoti, nikaenda chini mzimamzima mbele ya walimu wangu wa zamani. Shangazi yangu akaniambia, "Ungekaa kitako toka mwanzo, mwanangu, ungefika salama." Ndivyo nilivyokuwa: nataka kupiga teke na nataka nisionekane nimepiga.

Basi, baada ya siku ya kiti, balozi wa nyumba kumi alikuja nyumbani na maagizo. Ukumbi umefungwa. Utafunguliwa nitakapokwenda mbele ya mkutano wa tawi, nipige magoti, niombe radhi. Hata nikifanya hivyo, darasa litafundishwa na Deusi, kwa kuwa ni mwanamume na ni wa hapa. Mimi naweza kubaki na watoto wadogo, kuwafunga vifungo.

Deusi mwenyewe alikuja jioni hiyohiyo, akasimama nje anazungusha kofia.

"Mwalimu, mimi sikuomba."

"Najua."

"Nimemwambia baba mdogo sijui hata kufunga mkanda vizuri. Kaniambia nitajifunza mbele ya safari."

"Na ukimfundisha mtoto wa watu vibaya, akavunjika?"

"Ndilo ninaloogopa. Nitaumwa Jumamosi. Nimeshaanza kuumwa."

Nilikuwa nimelaza mguu kwenye kigoda. Kidole kilikuwa kimevimba kama ndizi ya kuchoma. Mama mkwe wangu, Mae Adventina, alikuwa akikifunga kwa ukanda wa mgomba na alikuwa hafanyi kwa upole.

Novati akasema, "Kapige magoti yaishe. Goti haliozi kwa kukunjwa."

"Utalikunja wewe?"

"Mimi sikupiga kiti."

Nilimtazama mama mkwe. Huyo ndiye aliyekuwa akinikagua namna ninavyosalimu tangu nilipoolewa, kama kichwa kimeinama vya kutosha, kama mikono imetulia. Nilijua atasema niende.

"Usiniletee mimi kesi zenu," akasema, akivuta ukanda mpaka nikauma mdomo. "Mke wa mtu anapiga viti. Aibu gani hii." Akafunga fundo. "Lakini magoti ni salamu. Unapiga, mwenzako anaitika, mnainuka. Kiti kitaitika nini? Watoto wangekaa chini mpaka lini?"

Akaenda zake kuwanywesha mbuzi maji.

Usiku sikulala kwa kidole, na kwa kufikiri. Niliwafikiria watoto ambao Jumamosi wangekuta kufuli. Kulikuwa na msichana mmoja wa Kagondo, mwoga hata wa kuku, ambaye wiki ile kwa mara ya kwanza alikuwa amepiga kelele. Kelele yenyewe ilikuwa ndogo kama ya paka, lakini aliipiga. Nilijua akikosa Jumamosi chache tu, itarudi tumboni na haitatoka tena. Hilo ndilo lililonitoa kitandani. Si heshima yangu, hiyo nilikuwa nimeshaivunja pamoja na kidole.

Asubuhi nikaandika lalamiko kwa Katibu wa kata. Mara ya kwanza nililiandika kwa hasira, na Mae Adventina akanitaka nimsomee. Aliposikia neno "beberu" akauliza nina maana ya wale wa Ulaya au ya mbuzi. Nikasema zote mbili. Akasema futa. Nikafuta, nikaandika upya, nikalipeleka mwenyewe nikichechemea, kiatu mguu mmoja na mwingine umefungwa majani. Katibu alilisoma mbele yangu, akakohoa, akalisoma tena, akanipa kiti nikae. Nilikitazama kwanza.

Msiniulize kama lilisikilizwa. Ninyi mlijifunzia wapi kuanguka, kama si kwenye nyasi za ukumbi huohuo? Lakini mmekuwa mkiniomba mjue niliandika nini hasa, maana kila mtu hapa mjini ana toleo lake, na katika toleo la muuza nyama nimemtaja yeye kama shahidi shujaa. Hakuwamo. Niliandika hivi:

*Ndugu Katibu,*

*YAH: LALAMIKO DHIDI YA KUFUNGIWA UKUMBI NA KUAMRIWA KUPIGIA KITI MAGOTI*

*Ninalalamika kwamba darasa la karate la watoto, vijana na watu wazima limefungiwa ukumbi wa tawi Rwamishenye kwa sababu yangu, na watoto hawana kosa.*

*Ni kweli nilikipiga kiti teke. Kiti hakikuumia. Aliyeumia ni mimi, na silalamikii hilo.*

*Ninalalamikia amri ya kwamba watu wapige magoti mbele ya kiti kisicho na mtu. Katika karate tunapiga magoti mbele ya yule tutakayejifunza naye, kwa sababu muda si mrefu tutarushiana ngumi na tunataka kila mmoja arudi nyumbani mzima. Yeye naye anatupigia. Wanaume wa darasa hili hawanipigii mimi kwa kuwa ni mwanamke wala hawakumpigia mwalimu aliyenitangulia kwa kuwa alikuwa mwanamume. Ninaomba mwenye shaka aje avue viatu, apange mstari nyuma, ajionee. Umri si kizuizi.*

*Ninalalamikia pia kuondolewa katika ufundishaji bila kuulizwa kama ninajua kazi. Ndugu Deusi ni mwanafunzi mwema na ni mgonjwa.*

*Mwenyekiti ni mzee wangu. Nitampigia magoti barabarani, msibani, nyumbani kwake na popote nitakapomkuta, kama nilivyolelewa, naye ninaomba aitike. Ndani ya ukumbi, wakati ninafundisha, nitamsalimu nikiwa nimesimama, kwa kuwa nina watoto wa watu mbele yangu na siwezi kuwapa mgongo.*

*Jumamosi hii saa tisa alasiri nitafundisha. Ukumbi ukiwa umefunguliwa, tutaingia. Ukiwa umefungwa, tutatandaza nyasi zetu hapo nje mlangoni, na wewe, Ndugu Katibu, unaalikwa kuja kuhesabu ni wazazi wangapi watakaosimama nasi.*

*Ni mimi,*
*Leokadia Kemilembe,*
*Mwalimu wa darasa.*